Simulesheni inasema shwari, bodi inasema vingine: faili la bafa lipimwe vipi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Chumbageni, Tanga. Nimetengeneza kifaa cha kurekodi joto ndani ya masanduku ya barafu ya wauza samaki. Mikrokontrola inawasiliana na chipu ya kumbukumbu kwa saa ya megahezi 20, umeme wa volti 3.3, na njia ya shaba ina sentimita 14. Bodi ni ya tabaka mbili, unene milimita 1.6, njia ina upana wa milimita 0.25, na chini yote ni shaba ya graundi. Nilipakua faili la IBIS la mikrokontrola, nikaendesha simulesheni, nikaona rezista ya omu 22 mwanzoni mwa njia inatosha: wimbi safi, kilele volti 3.5. Kwenye bodi yenyewe osiloskopu inaonyesha volti 4.4 na mtetemo, na kumbukumbu mara nyingine inarudisha baiti zilizosogea biti moja. Mwenzangu anasema faili hizi ni za kubahatisha. Nitajuaje kama faili ni sahihi?"

Marahaba, binti yangu. Baiti kusogea biti moja ni dalili ninayoifahamu. Kumbukumbu imehesabu mpigo mmoja wa saa mara mbili, kwa sababu wimbi lilipanda, likaporomoka hadi kwenye eneo la mashaka, ambako volteji haihesabiki kuwa juu wala chini, kisha likapanda tena. Kwa hiyo tatizo lipo kweli. Lakini usimkubalie mwenzako haraka hivyo. Katika matokeo yako wamekutana watuhumiwa watatu: faili la bafa (ndilo hilo la IBIS; bafa ni sakiti ya ndani ya chipu inayosukuma pini juu au chini), bodi kama ulivyoieleza kwenye simulesheni, na kifaa cha kupimia. Faili ndilo rahisi kulichunguza, maana unaweza kulihoji ukiwa umekaa na chai yako, hakuna kilichowashwa. Tuanze nalo.

Faili la IBIS ni maandishi matupu. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia, usiliogope. Mfumo huu ulianzia Intel, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1993. Watengeneza chipu hawakupenda kugawa faili za SPICE, yaani modeli za simulesheni ya sakiti, zinazofichua transista zao zilivyoundwa, wakakubaliana watoe majedwali yanayoeleza tabia ya pini ikitazamwa kutoka nje: ukiweka volteji hii, mkondo huu utapita, bafa ikibadilika kutoka chini kwenda juu, volteji itapanda hivi kwa wakati huu. Basi. Ndani hamna transista hata moja. Kwa hiyo swali la usahihi linakuwa jepesi kuliko lilivyoonekana: je, majedwali haya yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe? Yanakubaliana na datashiti, ile karatasi ya vipimo ya mtengenezaji? Yanakubaliana na pini iliyo mezani kwako? Ulizia kwa mpangilio huo huo. Watu wengi wanakimbilia swali la tatu, ambalo ndilo gumu na ghali, wakati jibu lilikuwa limelala kwenye la kwanza.

Soma kichwa cha faili. Kuna mstari wa namba ya toleo la faili lenyewe, na mwongozo wa IBIS umependekeza maana ya namba hizo. Ikianza na 0, chipu na faili bado vinatengenezwa. Ikianza na 1, data imetoka kwenye hesabu za wabunifu tu, kabla ya chipu halisi kuwepo. Ikianza na 2, faili limelinganishwa na vipimo vya chipu halisi. Ikianza na 3, bidhaa imekomaa na mabadiliko hayatarajiwi. Si kila kampuni inafuata pendekezo hilo, lakini nikiona 1.0 kwenye chipu iliyokaa sokoni miaka mingi, nakaza macho. Soma pia maelezo ya chanzo na tahadhari zilizoandikwa hapo juu. Mara nyingi mhandisi aliyeandaa faili amekiri mwenyewe kasoro zake, ila hakuna anayesoma.

Halafu hakikisha umechagua bafa yenyewe. Pini moja ya mikrokontrola ina nguvu na kasi kadhaa zinazochaguliwa kwa programu, na kila moja ina modeli yake ndani ya faili lile lile. Usipochagua, programu nyingi za simulesheni huchukua ya kwanza kwenye orodha, ambayo inaweza kuwa ile ya polepole kabisa, huku programu yako kwenye chipu imeweka kasi ya juu. Nimeona bodi nzima ikichorwa upya kwa kosa hili peke yake.

Baada ya hapo endesha ibischk, programu ya bure inayotolewa na jumuiya ya IBIS. Itakuonyesha makosa ya uandishi na baadhi ya mambo yasiyowezekana. Ikinyamaza, jua tu kwamba faili limeandikwa kwa kanuni. Ukweli wake haujathibitishwa bado.

Sasa njoo kwenye datashiti. Tuseme imeandikwa kwamba pini ikiwa chini, na mkondo wa miliampia 8 ukiingia, volteji haitazidi 0.4. Nenda kwenye jedwali la kuvuta chini, linaloonyesha mkondo bafa inapoishusha pini, tafuta mstari wa volti 0.4, utakuta safu tatu za mkondo: ya kawaida, ya chini na ya juu. Hata ile ya chini lazima ifike miliampia 8, la sivyo faili na datashiti havizungumzii chipu moja. Ya kawaida ikisoma miliampia 16, ukinzani wa bafa ni omu 25. Andika namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Hapo kuna mtego wa safu. Kwenye majedwali ya mkondo, safu ya chini ni bafa dhaifu: umeme mdogo na, kwa chipu za CMOS (aina ya transista iliyo kwenye chipu nyingi), joto kali. Kwa hiyo kwenye mstari wa nyuzi joto utaona safu ya chini imeandikwa namba kubwa, mathalani 85, na safu ya juu imeandikwa 0. Hilo ni sahihi, usilirekebishe. Lakini kapasitansi ya ndani (chaji ambayo pini inahifadhi) na vipimo vya kifungashio (ganda la chipu na miguu yake) vinafuata ukubwa wa namba tu: ndogo iko safu ya chini. Ukitaka hali mbaya kabisa ya upole unachanganya bafa dhaifu na kapasitansi kubwa, na usiamini kwamba programu itakufanyia hivyo bila kuiagiza. Kifaa chako kitashinda juani ufukweni, hivyo kona hiyo inakuhusu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha miisho. Ndani ya faili kuna meza za wimbi, zinazoonyesha volteji ikipanda au kushuka kadiri muda unavyokwenda, bafa ikiwa imefungwa kwenye rezista inayojulikana, aghalabu omu 50, upande mmoja ukielekea graundi au umeme. Na kuna majedwali ya mkondo. Hivi viwili vilipatikana kwa njia tofauti, lakini vinaeleza bafa moja, kwa hiyo mwanzo na mwisho wa wimbi lazima ukae pale ambapo jedwali la mkondo na rezista vinakubaliana. Pale soko la samaki la Deep Sea, hapo Tanga, mnunuzi mwenye shaka na mizani anaomba liwekwe jiwe ambalo uzito wake anaujua. Rezista ya omu 50 ndiyo jiwe lako.

Tufanye pamoja. Wimbi la kushuka, omu 50 kwenda volti 3.3. Tuseme jedwali la kuvuta chini linasema volti 0.4 ni miliampia 16, volti 0.9 ni miliampia 36, volti 1.0 ni miliampia 40, na volti 1.2 ni miliampia 42 kwa sababu transista imeanza kuchoka. Rezista nayo ina usemi wake: pini ikiwa volti 1.0, inapitisha 2.3 gawanya kwa 50, yaani miliampia 46. Bafa inaweza 40 tu, kwa hiyo volteji haiwezi kukaa hapo, itapanda. Kwenye volti 1.2 rezista inapitisha 2.1 gawanya kwa 50, miliampia 42, na bafa inasema 42. Hapo ndipo pa kutulia. Sasa nenda mwisho wa meza ya wimbi. Ukikuta 1.2 au karibu sana, faili limejikubali. Ukikuta 0.9, rezista ingedai miliampia 48 wakati jedwali linasema 36, na hakuna namna ya kuyapatanisha. Simulesheni italazimika kubuni kitu cha katikati, na utaona mawimbi yenye vidato vya ajabu ambavyo hakuna bodi iliyowahi kuvitoa. Fanya hivyo kwa wimbi la kupanda pia, na kwa safu zote tatu. Kwa jedwali la kuvuta juu kumbuka kwamba volteji yake inahesabiwa kutoka kwenye umeme kwenda chini: 0.4 kwenye jedwali hilo ni pini iliyo volti 2.9, na mkondo una alama ya kutoa kwa sababu unatoka nje ya chipu.

Kosa linalojificha sana liko kwenye dayodi za kinga. Bafa ikipimwa ikiwa imewashwa, mkondo unaoonekana ni wa transista pamoja na dayodi. Dayodi zina majedwali yake, yanayopimwa bafa ikiwa imezimwa, na aliyeandaa faili alitakiwa kuutoa mkondo huo kwenye jedwali la transista. Asipoutoa, dayodi inahesabiwa mara mbili, na simulesheni itaikata miruko iliyopita kiwango kwa nguvu ambayo chipu haina. Utatambua kwa kutazama upande wa chini ya sifuri: kwenye volti hasi 1, jedwali la kuvuta chini linapaswa kuendelea na mteremko wake, karibu miliampia hasi 40 kwa mfano wetu. Likirukia mamia, dayodi imeingia humo. Chora grafu, usisome namba tu. Jicho litaliona kabla akili haijahesabu.

Meza za wimbi ziwe mbili kwa kila upande, moja ya rezista kwenda graundi na nyingine kwenda kwenye umeme. Programu inatafuta mambo mawili yasiyojulikana kwa kila nukta ya wakati, transista ya juu imefunguka kiasi gani na ya chini imefunga kiasi gani, na meza moja haitoshi kutoa majibu mawili. Mimi nilishawahi kupoteza karibu wiki tatu kwa faili ambalo mawimbi yake yalipimwa kwenye mguu wa chipu, kifungashio kikiwemo, halafu induktansi ya kifungashio ikaandikwa tena mahali pake. Kila kitu kilikuwa kimepigwa mara mbili. Nililaumu bodi, nikalaumu kebo, nikamlaumu kijana aliyelehemu. Bado inaniuma kumkumbuka yule kijana.

Kapasitansi ya ndani, ile iliyoandikwa C_comp, ukiijumlisha na ya kifungashio ikaribie kapasitansi ya pini iliyotajwa kwenye datashiti. Zikizidi sana, kuna kitu kimehesabiwa mara mbili hapo pia.

Faili likishapita hapo, washa bodi, lakini chukua multimita kwanza. Toa rezista ya omu 22, iache njia ikining'inia. Weka pini chini kwa programu, unganisha rezista ya omu 220 kutoka kwenye pini kwenda volti 3.3, pima volteji ya pini. Bafa ya omu 25 itakupa karibu volti 0.34, na mkondo wa miliampia 13.5. Rudi kwenye jedwali, volti 0.34 inasema ngapi? Kisha weka pini juu, rezista iende graundi, rudia. Usijaribu kuiga zile omu 50 za kwenye faili ukiwa mezani: miliampia 42 mfululizo zinavuka kiwango ambacho pini nyingi za mikrokontrola zimeruhusiwa. Pima pia umeme wenyewe. Ukiwa 3.27, weka 3.27 kwenye simulesheni. Na usitarajie chipu yako ilingane na safu ya kawaida nukta kwa nukta. Ikiangukia kati ya dhaifu na kali, faili halina deni.

Kwa kasi, lazima tuzungumze kuhusu osiloskopu, na hapa nitakaa kidogo. Tuseme yako ina upana wa megahezi 100: ina muda wake yenyewe wa kupanda, nanosekunde 3.5. Ukingo wa wimbi unaopanda kwa nanosekunde 1 ukiingia humo unatoka na nanosekunde 3.6. Hukuuona ukingo wako, umeuona wa osiloskopu. Halafu ule waya wa graundi wenye kibanio cha mamba: urefu wake unaleta induktansi ya karibu nanohenri 100, probu ina kapasitansi ya karibu pikofaradi 10, na viwili hivyo vinatetemeka pamoja kwenye megahezi 159 bila bodi yako kuwa na hatia yoyote. Kiondoe. Zungushia ncha ya probu kipande cha waya mfupi, kiguse graundi iliyo karibu kabisa na pini ya kumbukumbu. Ukiona mtetemo umepungua nusu kwa kufanya hivyo tu, utajua ulikuwa unapima nini.

Kisha ipeleke probu ndani ya simulesheni. Weka pikofaradi 10 pale pale ulipogusa. Baada yake weka chanzo cha kunakili volteji kisichonyonya mkondo, halafu rezista ya omu 50 na kapasita ya pikofaradi 32 kwenda graundi. Hicho ni kichujio cha megahezi 100, yaani osiloskopu yako kwa ukaribu. Linganisha kilichotoka baada ya kichujio na ulichokiona kwenye kioo. Hakikisha pia simulesheni inakuonyesha volteji kwenye mguu wa chipu. Programu nyingi zinaweza kuonyesha ile ya ndani kabisa kwenye silikoni, na hizo mbili hazifanani. Sogeza mawimbi hayo mawili kwa muda hadi kingo zilaliane, kwa kuwa faili la IBIS halibebi ucheleweshaji wa ndani ya chipu. Kisha chukua tofauti ya volti kila nukta bila kujali alama, pata wastani, gawanya kwa mruko mzima. Wastani wa volti 0.1 juu ya 3.3 ni asilimia 3 ya kosa, yaani mfanano wa asilimia 97. Kwa njia ya saa mimi naridhika na hapo, mradi tofauti isiwe imerundikana kati ya volti 0.8 na 2.0, eneo ambalo kumbukumbu inaamua. Wastani mzuri unaweza kuficha kidato kimoja kibaya hapo katikati, na kidato hicho ndicho kinachosogeza biti zako.

Sasa nikuambie ninavyomshuku mtuhumiwa wa pili, yaani bodi ulivyoieleza kwenye simulesheni. Katika vipimo ulivyoniandikia, njia ya milimita 0.25 juu ya bodi ya milimita 1.6 ina impidansi, yaani ukinzani ambao wimbi linaukuta likisafiri kwenye njia, ya takriban omu 135. Ili upate omu 50 kwenye bodi hiyo njia ingetakiwa kuwa na upana wa karibu milimita 3. Rezista ya omu 22 ukiijumlisha na omu 25 za bafa ni 47, namba ambayo simulesheni ingeipenda kama tu uliiambia njia ni ya omu 50. Nadhani ndivyo ulivyofanya, kwa sababu hiyo ndiyo namba inayokuwa imeshajazwa kwenye programu nyingi. Kwenye bodi halisi, kinachoondoka mwanzoni ni 3.3 mara 135 gawanya kwa 182, karibu volti 2.45, na kikifika kwenye kumbukumbu kinarudishwa nyuma kama mwangwi na volteji inakuwa maradufu, volti 4.9, kabla dayodi za kinga hazijakizuia. Wewe umepima 4.4. Safari ya kwenda na kurudi kwenye sentimita 14 ni kama nanosekunde 1.6, na kama ukingo wako ni mfupi kuliko hapo, mwangwi unapata nafasi ya kukua wote.

Rekebisha impidansi kwenye simulesheni, acha faili kama lilivyo, endesha tena na omu 22. Likikuonyesha kilele cha volti nne na ushei, faili la bafa limesema kweli tangu mwanzo. Kama KiCad, programu ya kuchora bodi, ndiyo unayotumia, inasoma faili za IBIS tangu toleo la 7 la mwaka 2023, kwa hiyo jaribio hili halitakugharimu kitu. Kisha badilisha rezista iwe omu 100, kwenye simulesheni na kwenye bodi siku hiyo hiyo, ukiiweka karibu kabisa na mguu wa mikrokontrola, na uniandikie vilele vyote vinne. Vikikataa kufanana hata baada ya hapo, niletee grafu za jedwali la kuvuta chini na mwisho wa mawimbi yake, tuandike pamoja barua kwa mtengenezaji wa chipu tukiwa na namba mkononi.